Kwa nini sato wanahema alfajiri katika maji ya kijani?

Swali: "Salamu, mwalimu. Mimi na mume wangu tunafuga sato kwenye vizimba upande wa Kayenze, Ilemela. Kuna majira maji hugeuka kijani kizito. Siku hizo samaki huchangamka mchana na kula vizuri, lakini alfajiri tunawakuta wamepanda juu, midomo inagusa uso wa maji, wanahema. Asubuhi moja tuliokota wafu wengi. Shuleni nilifundishwa kwamba mimea ya kijani hutoa oksijeni, kwa hiyo nilidhani kijani kikizidi na oksijeni inazidi. Binti yangu wa kidato cha tano amenichanganya zaidi: anasema seli huweza kuvunja sukari na kupata nishati bila oksijeni hata kidogo, na njia hiyo inaitwa glaikolisisi. Kama seli inaweza, mbona samaki wangu hawakuweza?"

Jibu: Mama, poleni kwa hasara hiyo. Ulichofundishwa shuleni ni kweli, na anachosema binti yako ni kweli pia. Kinachokosekana ni kiungo kati ya kweli hizo mbili. Kiungo hicho ni elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji hasi iliyomo katika kila atomu. Nishati inayoliendesha ziwa, kuanzia ukoko wa kijani unaouona juu ya maji hadi misuli ya sato anayejikokota kwenda juu kuhema, ni habari ya elektroni zilizochukuliwa kutoka kwenye maji, zikapandishwa kwa nguvu ya mwanga, kisha zikateremshwa hatua kwa hatua mpaka zikapokelewa na oksijeni na kuwa sehemu ya maji tena. Usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga, ni mpando; upumuaji wa seli, yaani kuivunja sukari hiyo kwa oksijeni, ni mteremko; na glaikolisisi ni hatua chache za mwanzo za mteremko huo. Nitaufuata mkondo wote, kwa sababu nikiruka sehemu moja, vifo vya samaki wako vitabaki kuwa fumbo.

Kwanza tujue hicho kijani ni nini. Katika ghuba za kusini mwa Ziwa Victoria, maji yanapokuwa mazito kama mchuzi wa mlenda, mara nyingi kinachoonekana si mimea kwa maana kamili bali ni bakteria wa kijani-buluu, na mmojawapo anayejulikana sana katika ziwa letu ni Microcystis, ambaye seli zake hujikusanya katika mabonge na kuelea. Hawa ni wazee wa kazi hii. Jamaa zao wa kale ndio walioanza kuijaza anga oksijeni takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, na kloroplasti, yaani vile vifuko vya kijani vilivyomo ndani ya seli za majani ya muhogo au mpunga, asili yake ni bakteria wa namna hiyo waliomezwa na seli kubwa zaidi wakabaki humo wakifanya kazi. Naomba nitoke nje ya swali lako kwa sentensi moja, maana ni suala la afya: baadhi ya bakteria hawa hutengeneza sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo, kwa hiyo maji yenye ukoko wa kijani yasitumiwe kunywa wala kupikia, hata kama yamechemka sana.

Ndani ya seli hizo mna tando nyembamba zilizokunjamana ziitwazo thailakoidi, na katika tando hizo zimepangwa molekuli za klorofili, ile rangi ambayo baadhi ya vitabu vyetu huiita umbijani. Klorofili hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na mwanga wa kijani ambao haukunyonywa ndio unaorudi machoni petu. Mwanga ukiipiga, elektroni moja hurushwa kwenye kiwango cha juu cha nishati. Ukiponda majani na kuiyeyusha klorofili katika spiriti, kisha ukaimulika, elektroni iliyorushwa huanguka palepale na nishati yake hupotea kuwa joto na mng'ao mwekundu hafifu. Hakuna kazi iliyofanyika. Katika thailakoidi mambo ni tofauti, kwa sababu molekuli ya kupokea imewekwa karibu mno, na elektroni hunyakuliwa kabla haijapata nafasi ya kuanguka. Mimi huona kwamba siri yote ya usanisinuru imo katika kuwahi huko.

Klorofili iliyopoteza elektroni hubaki na pengo, na pengo hilo lazima lizibwe. Hapo ndipo maji yanapoingia. Katika kituo cha kwanza cha kukamata mwanga kuna kijifundo cha atomu nne za manganizi na moja ya kalisi, ambacho hushika molekuli mbili za maji na kuzinyang'anya elektroni nne, moja baada ya nyingine. Maji yaliyonyang'anywa namna hiyo hayabaki kuwa maji: hutoka protoni nne, yaani viini vya hidrojeni vyenye chaji chanya, na atomu mbili za oksijeni huungana na kujiendea zake. Kwa muda mrefu watu wengi walidhani oksijeni hiyo hutokana na hewa ya ukaa inayovunjwa na jani. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, Marekani, waliwapa mwani maji yenye atomu nzito za oksijeni, na uzito huo ukaonekana katika gesi iliyotoka, jambo lililoonyesha kwamba chanzo ni maji. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linakuhusu moja kwa moja: oksijeni anayoivuta sato wako ni kile kilichosalia baada ya maji kunyang'anywa elektroni, nayo hutoka pale tu mwanga unapofanya kazi. Bila mwanga haitengenezwi kabisa, hata kijani kiwe kizito namna gani.

Elektroni zilizopatikana hupokezanwa kutoka molekuli moja hadi nyingine katika utando, hupandishwa mara ya pili na mwanga katika kituo kingine, na mwishowe hupakiwa katika molekuli iitwayo NADPH. Kwa kuwa elektroni nne hupandishwa mara mbili, kila molekuli moja ya oksijeni hugharimu walau fotoni nane, yaani chembe nane za mwanga. Wakati wa kupokezanwa, protoni husukumwa upande mmoja wa utando na kurundikana huko kama maji nyuma ya bwawa. Mwingereza Peter Mitchell alipopendekeza mwaka 1961 kwamba mrundikano huo ndio unaotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, wanasayansi wengi walimpinga kwa miaka, hadi ushahidi ulipozidi na akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine ni wa André Jagendorf na mwenzake Ernest Uribe, mwaka 1966: waliziloweka thailakoidi katika asidi, wakazihamishia ghafla katika maji yenye hali ya besi, gizani, nazo zikatengeneza ATP bila mwanga wowote, kwa nguvu ya protoni zilizokuwa zikirudi tu. Protoni hizo hurudi kupitia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, ambacho huzunguka kweli, kama maji ya ziwa letu yanavyozungusha mitambo ya umeme pale Jinja yanapotoka kuwa Mto Naili, na mzunguko huo ndio unaobandika fosfati ya tatu kwenye molekuli na kuifanya ATP. Hiyo ATP, adenosini trifosfati kwa jina kamili, ndiyo nishati ambayo seli huweza kuitumia papo hapo kusukuma, kujenga na kusogeza.

Hatua ya kutengeneza sukari nitaipita haraka. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham walitumia kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi, kufuatilia njia ya hewa ya ukaa ndani ya mwani, na Calvin akapewa Nobel mwaka 1961. Waliona kwamba hewa ya ukaa hubandikwa kwenye molekuli yenye kaboni 5, ambayo hukatika kuwa mbili zenye kaboni 3, na kwamba ATP na NADPH zilizotengenezwa na mwanga ndizo zinazozigeuza kuwa sukari. Kwa kila glukosi moja seli hutumia ATP 18 na NADPH 12. Kumbuka tu kwamba sukari hiyo ni elektroni za maji zilizowekwa akiba mahali pa juu.

Sasa tufike mahali ambapo ufundishaji wetu huacha pengo, nami nasema hili nikiwa mwalimu. Watoto huambiwa kwamba mimea hutoa oksijeni mchana na hewa ya ukaa usiku, na wengi hutoka darasani wakiamini kwamba mmea hupumua usiku tu, kana kwamba hubadilishana zamu na jua. Si kweli. Seli ya kijani inahitaji ATP kwa kazi zake nyingine saa 24, na kwa hiyo huivunja sukari yake na kutumia oksijeni mchana na usiku, kama sisi tu. Bakteria wa kijani-buluu wana minyororo yote miwili, wa kupanda na wa kushuka, katika utando uleule wa thailakoidi. Mchana upumuaji wao hauonekani kwa sababu oksijeni inayotengenezwa huizidi mara nyingi ile inayotumiwa. Jua likizama, mpando hukoma na mteremko huendelea. Maana yake, mama, ni kwamba kijani kingi ni watengenezaji wengi wa oksijeni kwa muda wa saa 12, na ni walaji wengi wa oksijeni kwa muda wa saa 24.

Weka hesabu hiyo katika ghuba yako. Maji ni maskini wa oksijeni kwa asili. Lita moja ya hewa unayoivuta ufukweni ina oksijeni zaidi ya miligramu 200, ilhali lita moja ya maji ya ziwa yenye joto la nyuzi 25, katika mwinuko wetu wa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, hulingana na hewa inapokuwa na miligramu 7 tu. Hapa Mwanza jua hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana, na katika maji ya kijani kizito oksijeni huendelea kupanda hadi alasiri, pengine ikapita miligramu 10. Mtu angedhani hiyo ni akiba ya usiku. Lakini kinachozidi kile ambacho maji yanaweza kushika hupotea hewani, kwa hiyo ziada ya mchana haihifadhiki yote, na usiku unaanza na kile kilichobaki. Kuanzia machweo kila kiumbe huchota kwenye chungu kimoja: bakteria wa kijani wenyewe, sato wako wanaomeng'enya chakula cha jioni, na bakteria waozeshaji wanaokula kinyesi na mabaki ya chakula chini ya kizimba. Hakuna anayeongeza isipokuwa upepo unaochanganya hewa na uso wa maji, na usiku uliotulia upepo huo ni mdogo. Kiwango cha chini kabisa hufikiwa muda mfupi kabla ya mapambazuko, na ndiyo saa mliyowakuta wakihema. Wanapanda juu kwa sababu utando mwembamba wa maji unaogusa hewa ndio pekee uliobaki na oksijeni ya kutosha.

Yako mambo yanayoufanya usiku mmoja uue ilhali usiku mwingine wa maji yaleyale haukuua. Siku ya mawingu mazito usanisinuru hupungua lakini upumuaji haupungui, basi giza linaingia chungu kikiwa nusu. Kibaya zaidi ni pale kijani chote kinapokufa kwa mkupuo: watengenezaji wanatoweka na waozeshaji wanapata karamu. Tena ziwa hili, kwa miezi mingi kati ya Septemba na Mei, hujigawa katika tabaka, maji ya chini yakikosa oksijeni, hadi pepo za kusini-mashariki za Juni hadi Agosti zinapolichanganya. Dhoruba inaweza kuyasukuma maji hayo ya chini kuelekea ufukweni wakati wowote tabaka zikiwapo.

Na kwa kuwa umetaja kijani, niyataje magugumaji. Ni mimea ya kijani, yanafanya usanisinuru kwa bidii kubwa, lakini majani yake yako hewani na oksijeni yake huenda hewani, huku mkeka wake ukiyanyima mwanga maji yaliyo chini na mizizi yake inayooza ikila oksijeni ya humo. Kijani kinachompa jirani na kumnyima mwenye nyumba ndicho hicho.

Sasa nimjibu binti yako. Glaikolisisi ni kweli haihitaji oksijeni. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliikamua hamira hadi akapata maji yasiyo na seli hai hata moja, akaona bado yanachachusha sukari, na tangu hapo wanakemia, wakiwamo Gustav Embden, Otto Meyerhof na Jakub Parnas, wakaifumbua njia hiyo kipande kwa kipande. Ni hatua 10, kila moja na kimeng'enya chake, zote katika majimaji ya seli, nje ya mitokondria, vile vifuko vya seli ambamo sukari humaliziwa kuvunjwa kwa oksijeni. Glukosi yenye kaboni 6 hubandikwa kwanza fosfati mbili kwa gharama ya ATP mbili, kisha hukatwa kuwa vipande viwili vya kaboni 3. Kila kipande hunyang'anywa elektroni, na katika kuteremka kwake hutengeneza ATP mbili. Jumla ni ATP nne. Ukitoa mbili za mtaji, faida ni mbili, pamoja na vile vipande viwili vya kaboni 3, ambavyo sasa huitwa piruveti. Njia hii ipo katika hamira, katika muhogo, katika sato na katika chembe zako nyekundu za damu, ambazo kwa kuwa hazina mitokondria huitegemea peke yake maisha yao yote.

Hizo elektroni zilizonyang'anywa hapo katikati ndizo zenye kesi. Hubebwa na molekuli iitwayo NAD⁺, ambayo ikishapakiwa huitwa NADH. Fikiria mitumbwi ya dagaa inayoingia Mwaloni pale Kirumba alfajiri. Mitumbwi si mingi. Ikipakuliwa, hurudi ziwani kuvua tena. Ikikosa wa kuipakua, hukaa imejaa, na hata dagaa wawe wengi namna gani ziwani, hakuna chombo cha kwenda kuwachukua. NAD⁺ katika seli ni mitumbwi hiyo. Ikijaa yote bila kupakuliwa, glaikolisisi husimama katika hatua ya 6, ingawa sukari ipo tele. Kwa hiyo ni sahihi kwamba glaikolisisi haitumii oksijeni, lakini si sahihi kwamba haijali elektroni zitakwenda wapi.

Oksijeni ikiwapo, mpokeaji yupo. Piruveti huingia mitokondria, hukamilishwa kuvunjwa katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937, kaboni zake hutoka kama hewa ya ukaa, na elektroni zote hupitishwa katika mnyororo unaorundika protoni kama ule wa thailakoidi, zikaishia kwenye oksijeni, ambayo ikichukua na protoni huwa maji. Maji yaliyopasuliwa na mwanga mchana yameungwa tena. Kwa njia hii glukosi moja hutoa ATP 30 hadi 32.

Watu wa kanda yetu wana mfano mkali wa umuhimu wa mpokeaji huyo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huua kwa sayanaidi, na sayanaidi hufanya jambo moja mahsusi: huziba kimeng'enya cha mwisho kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Damu ya mgonjwa inaweza kuwa imejaa oksijeni na bado seli zake zikafa, kwa sababu lango la kukabidhi limefungwa. Bibi zetu wanaolowesha, kuvundika na kuanika muhogo kupata udaga wanapunguza sumu hiyo, na kwa kufanya hivyo wanalilinda lango hilo.

Oksijeni ikikosekana, seli hutafuta wa kumpakulia kwa muda. Hamira hugeuza piruveti kuwa hewa ya ukaa na alkoholi, ikizipakua elektroni kwenye alkoholi hiyo; ndiyo sababu unga wa maandazi huumuka. Misuli ya samaki, kama ya binadamu anayekimbia, huzirudisha elektroni kwenye piruveti yenyewe na kuifanya asidi ya laktiki. Mitumbwi imepakuliwa, kazi inaendelea, lakini tazama bei yake: faida ni ATP mbili badala ya 30, na zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya glukosi imebaki ndani ya laktiki bila kutumika. Ili kupata ATP ileile, seli ingelazimika kuchoma sukari mara 15. Na kweli hujaribu: kimeng'enya cha hatua ya tatu, ambacho hubanwa ATP ikiwa nyingi, huachiwa ATP inapopungua, na sukari huanza kukimbia kwa kasi. Misuli myeupe ya sato huweza kuvumilia hivyo kwa muda. Ubongo na moyo haviwezi kwa muda mrefu, kwa kuwa mahitaji yao hayapungui na akiba yao ya sukari ni ndogo. Pampu zinazolinda chumvi ndani na nje ya seli za ubongo hukosa ATP, asidi huzidi katika damu, na samaki hupinduka. Kwa hiyo jibu la "mbona hawakuweza" ni kwamba waliweza, kwa dakika walizoweza.

Wapo samaki waliolitatua tatizo hili, nami nawataja kwa sababu wanathibitisha hoja. Katika vidimbwi vya kaskazini mwa Ulaya vinavyoganda juu wakati wa baridi kuna jamaa wa samaki wa dhahabu ambaye hugeuza laktiki yake kuwa alkoholi na kuitoa kwa matamvua, hivyo asidi haimjai mwilini, na kwa ubaridi ule huishi kwa miezi bila oksijeni. Kamongo wa ziwa letu alichagua njia tofauti: ana mapafu, huja juu akavuta hewa yenyewe, na kambare naye ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua yake. Sato hana hiki wala kile. Ni mvumilivu kuliko samaki wengi, lakini maji yakishuka chini ya miligramu 3 za oksijeni kwa lita huacha kula na kuanza kuhangaika.

Kutokana na hayo, nawashauri msilishe alfajiri wala jioni sana. Kumeng'enya chakula ni kazi inayokula oksijeni kwa saa kadhaa, na mlo wa jioni huipeleka kazi hiyo usiku wa manane. Subirini jua lipande, kuanzia saa 4 asubuhi hivi, na mlo wa mwisho uwe mapema alasiri. Maji yakiwa kijani kizito, au siku ikiwa ya mawingu, punguzeni chakula au kiacheni kabisa siku hiyo. Safisheni nyavu ili maji yapite, ondoeni wafu mapema, punguzeni wingi wa samaki katika kila kizimba, na mkiweza sogezeni vizimba mahali penye kina na mkondo mzuri. Kipimo cha oksijeni mkikipata, pimeni saa 11 alfajiri. Anayepima saa 8 mchana ataambiwa ziwa ni zima.

Mkiwa na kipimo hicho, kuna jaribio ambalo ningependa mlifanye na binti yako siku ya likizo, maana litamwonyesha mpando na mteremko kwa pamoja. Chukueni chupa mbili za kioo kinachopitisha mwanga, zenye vifuniko, moja ifungwe yote kwa karatasi ya fedha ya jikoni ili isipitishe mwanga. Pimeni oksijeni ya maji ya kijani kizimbani saa 4 asubuhi, zijazeni chupa zote kwa maji hayo pasipo kubakiza povu la hewa, zifunikeni, zitundikeni kwa kamba nusu mita chini ya uso wa maji, na zitoeni saa 8 mchana kuzipima. Chupa ya giza itaonyesha kilicholiwa. Chupa ya mwanga itaonyesha kilichotengenezwa baada ya kuondoa kilicholiwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mlianza na miligramu 6, ya mwanga ikafika 9, ya giza ikashuka hadi 5. Basi wakazi wa lita moja ya maji hayo walitengeneza 4 na kula 1 katika saa nne. Usiku wa saa 12, kwa mwendo uleule, watakula 3. Kama jua lilizama maji yakiwa na 6, alfajiri zitabaki 3, kabla hamjamhesabu samaki hata mmoja wa kizimbani.